Wimbo Mmoja, Mali Mbili: Kwa Nini Wana Bendi Hufikishana Mahakamani

Mpigie mtu wa rika la wazazi wetu sekunde tano za mwanzo za A Whiter Shade of Pale, na kama aliwahi kuusikia ataujua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kinachomwambia ni kinanda. Kinanda cha Hammond kinaingia kwa noti moja ndefu, kinajizungusha, kinapanda kidogo, kinatulia, na chini yake besi inashuka ngazi moja moja kama mtu anayeteremka huku amezama kwenye mawazo. Ni vipimo vinane tu vya muziki, kisha Gary Brooker anaanza kuimba.

Aliyepiga kinanda hicho ni Matthew Fisher. Wimbo ulitoka Mei 1967, ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki sita na kuuzwa kwa mamilioni duniani. Lakini kwenye mstari wa watunzi waliandikwa watu wawili: Brooker kwa muziki, Keith Reid kwa mashairi. Fisher alilipwa kama mpiga kinanda wa bendi ya Procol Harum. Mrabaha wa utunzi, yaani fedha anayolipwa mtunzi kila wimbo wake unapotumika, hakuuonja, na madai yake hayakufika mahakamani mpaka mwaka 2005, miaka 38 baadaye.

Magomvi ya aina hii ni mengi kwenye historia ya muziki wa roki, na watu huyamaliza kwa neno moja: uchoyo. Kwangu neno hilo halitoshi. Ukifuatilia kesi hizi, unachokutana nacho mara nyingi ni watu waliokaa studio moja, siku moja, wakirekodi wimbo mmoja, na kila mmoja anaeleza anachokiamini kwa moyo wote. Shida ilianza mapema zaidi, kwenye jambo ambalo hakuna aliyewaeleza walipokuwa vijana wa miaka 20 wenye haraka ya kusikika redioni.

Jambo lenyewe ni hili. Unaposikiliza wimbo uliorekodiwa, unasikiliza mali mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni utunzi, yaani mahadhi na mashairi, kitu ambacho mtu mwingine yeyote anaweza kukiimba upya na kikabaki wimbo ule ule. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti mahususi iliyonaswa siku ile na watu wale. Kiswahili cha sheria kimelipanga vizuri. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Hakimiliki ndiyo ya mtunzi. Hakishiriki ni ya walioshiriki kuufikisha wimbo masikioni mwa watu: mwimbaji, mpiga ala, mwenye kurekodi, mwenye kurusha hewani.

Mpenzi wa taarab hana haja ya somo refu hapa. Anajua kwamba shairi lina mtunzi wake, kuna aliyelitia muziki, na anayesimama mbele kuimba anaweza kuwa mtu wa tatu kabisa. Bendi za roki zilivuruga mpangilio huo kwa sababu watu wale wale walitunga, wakapiga, wakaimba, wakarekodi, yote ndani ya chumba kimoja. Mipaka ikapotea machoni mwao. Kwenye karatasi ikabaki pale pale.

Na fedha hufuata karatasi. Utunzi una njia zake za kuingiza kipato: kila nakala inayouzwa, kila mara wimbo unapopigwa redioni au ukumbini, kila msanii mwingine anapourekodi upya, kila filamu inayouomba. Nchini Marekani, kwa mfano, kiwango cha kisheria kwa kila wimbo kwenye kila nakala kilikaa senti 9.1 za dola tangu 2006 hadi 2022, kisha kikapanda hadi senti 12 mwaka 2023. Fedha hiyo ni ya mtunzi na mchapishaji wake, yaani kampuni inayosimamia haki za nyimbo zake. Mpiga drams hahusiki nayo.

Upande wa rekodi una mkondo wake, nao ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani. Redio za kawaida za Marekani huwalipa watunzi tu; wenye sauti inayosikika hawapati kitu. Mtu aliyepiga gitaa kwenye wimbo uliochezwa mara milioni moja kwenye redio za nchi hiyo hana hundi ya kusubiri, isipokuwa awe pia ameandikwa kuwa mtunzi. Uingereza ni tofauti, kwani huko wapigaji wana haki ya kulipwa rekodi inaporushwa, lakini hata huko haki hiyo imepata nguvu kamili ya kisheria tangu miaka ya 1990. Bendi nyingi tunazozijua zilikuwa zimekwisha kuvunjika.

Kuna kitu kingine kinachouma zaidi, na hiki hakisimuliwi sana. Kampuni ya kurekodi inapoisaini bendi, hutoa fedha za kuanzia. Vijana huziona kama mshahara. Kwa hakika ni deni, linalolipwa kutoka kwenye mrabaha wa bendi peke yake. Chukua mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Bendi ya watu wanne imepewa pauni 200,000 za kurekodi, kununua vyombo na kuishi. Mkataba unaipa pauni moja kwa kila albamu inayouzwa. Zikiuzwa albamu 100,000, ambazo ni mafanikio makubwa kwa bendi changa, wameshalipa nusu ya deni na mfukoni hawana kitu. Wakati huo huo, mrabaha wa utunzi kwa kawaida haukatwi kulipa deni la kurekodi. Unaanza kutoka tangu nakala ya kwanza. Tuseme ni senti 50 za pauni kwa albamu. Yule mmoja aliyeandikwa kuwa mtunzi wa nyimbo zote, pamoja na mchapishaji wake, wana pauni 50,000.

Sasa fikiria basi la ziara. Watu wanne wanalala kwenye viti vile vile, wanakula chipsi zile zile za njiani, wanashangiliwa na umati ule ule. Mmoja ameweka oda ya nyumba. Watatu bado wanadaiwa kodi ya pango. Hakuna aliyemwibia mwenzake na hakuna aliyevunja mkataba. Ndivyo mabomba yalivyolazwa. Ukishaiona picha hiyo, hutashangaa kwa nini chuki huingia bendini hasa mwaka ule mambo yanapoanza kunyooka.

Tatizo la pili ni gumu zaidi kwa sababu linagusa sanaa yenyewe: kutunga ni nini?

Niliwahi kushinda kwenye mazoezi ya bendi moja ya vijana, kwenye ukumbi wa baa ambayo mchana hufungwa, viti vimegeuzwa juu ya meza. Mwimbaji alikuja na mashairi kwenye simu yake na tuni ya kuanzia. Ilikuwa tuni ya kawaida. Mpiga besi, aliyekuwa amekaa kwenye spika akisubiri, akawa anachezea vidole tu. Mwimbaji akanyamaza. “Kaka, hiyo hiyo. Irudie.” Akairudia. Mwimbaji akabadilisha kiitikio kizima ili kikae juu ya ile besi, akafuta mstari mmoja, akavuta neno la mwisho. Mpiga drams akapunguza mwendo bila kuambiwa. Ndani ya dakika ishirini ulikuwa wimbo mwingine, na mzuri kweli. Nani aliutunga? Siku ile lilikuwa swali la kishamba, hakuna ambaye angeliuliza. Wimbo ulipokuja kusajiliwa, jina lilikuwa moja, la mwimbaji. Mpiga besi hayumo tena kwenye bendi hiyo, na hawa wawili waliokuwa wakiitana kaka hawasalimiani.

Mahakama za Uingereza zimelikabili swali hilo mara kadhaa, na kesi ya Fisher ndiyo inayofundisha kuliko zote.

Brooker na Reid walikuwa na wimbo tayari kabla Fisher hajajiunga nao. Mwezi Machi 1967 walikwishakabidhi haki zake kwa mchapishaji, kampuni ya Essex Music, kwa mkataba wa kawaida wa zama zile. Brooker alikuwa ameupanga kwenye piano: mahadhi ya kuimba, na ile besi inayoshuka. Fisher, kijana aliyesomea muziki, alipoingia akakaa kwenye Hammond na kutengeneza mahadhi ya kinanda yanayofungua wimbo na kurudi katikati ya beti. Ladha ya Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Kijerumani wa karne ya 18, imo humo na hakuna anayebisha. Lakini kunukia Bach siyo kunakili Bach, na mahadhi yale yalikuwa kazi ya Fisher. Wakaurekodi hivyo katika studio za Olympic, London.

Fisher alieleza kwamba alilileta suala la jina lake mapema kabisa, akapuuzwa, na hakutaka kulishikilia. Nani angelishikilia? Ana umri wa miaka 21, bendi imetoka kusikojulikana hadi namba moja, na mwenye kelele hutolewa. Akanyamaza. Mwaka 1969 akaondoka kwenye bendi. Mwaka 1991 bendi ilipofufuliwa akarudi, akapiga nao miaka mingi. Alipoondoka tena ndipo akafungua kesi.

Mwaka 2006 Jaji Blackburne wa Mahakama Kuu, ambaye Cambridge alisomea sheria na muziki pia, alitoa uamuzi uliowashtua watu wengi. Alitenganisha vitu viwili: wimbo kama Brooker alivyoutunga kwenye piano, na kazi kama ilivyorekodiwa na bendi. Kwenye ile ya pili, akasema, mahadhi ya kinanda ni mchango wa utunzi, wa kipekee na mkubwa. Fisher alikuwa ameomba nusu ya hakimiliki ya muziki. Jaji akampa asilimia 40, kwa kuwa mahadhi ya kuimba na mpangilio wa msingi wa Brooker vilikuwa na uzito zaidi.

Usije ukadhani asilimia 40 ni ya kila kitu. Ni ya muziki tu; mashairi ni ya Reid. Kama mashairi yanahesabiwa nusu ya wimbo na muziki nusu, jambo la kawaida kwenye mahesabu ya watunzi, basi 40 ya nusu inakuwa 20 ya wimbo mzima.

Brooker alikata rufaa. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Fisher ni mtunzi mwenza, lakini kwa wingi wa majaji ikamnyima umiliki na fedha kwa sababu alichelewa mno. Miaka 38! Hata mimi niliposoma hilo kwa mara ya kwanza niliona lina mantiki. Kisha shauri likapanda hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati huo bado ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi, na tarehe 30 Julai 2009 majaji wote watano wakamrudishia Fisher haki yake. Hoja yao inafaa kusomwa taratibu. Sheria ya Uingereza haiweki kikomo cha muda wa mtu kusema “hii ni mali yangu” kuhusu hakimiliki. Kuchelewa kungemfungia mlango tu kama kuchelewa huko kumewaumiza wengine kiasi cha kuwa dhuluma. Je, Brooker na mchapishaji waliumizwaje? Kwa miaka 38 walikuwa wakipokea na sehemu ya Fisher pia. Ukimya wake uliwafaidisha.

Jaji Hale, mwanamke pekee kwenye jopo lile, aliandika kwamba kama mmoja wa wanaoikumbuka miaka ya sitini alifurahi kuona mwenye kinanda kile hatimaye ametambuliwa. Ni mara chache hukumu hutoa sauti ya mtu aliyewahi kuupenda wimbo.

Hata hivyo ukimya ulikuwa na bei yake. Mahakama ilihesabu kwamba kwa kutodai muda wote ule, Fisher alikuwa ametoa ruhusa ya kimyakimya wimbo utumike bila yeye kulipwa. Ruhusa hiyo ilikoma siku alipofungua kesi, mwisho wa Mei 2005. Kuanzia hapo analipwa. Miaka 38 ya nyuma, miaka ambayo santuri ziliuzwa kwa wingi zaidi, imekwenda.

Sasa iweke kesi hiyo kando ya ile ya bendi ya Spandau Ballet, iliyoamuliwa mwaka 1999. Gary Kemp aliandikwa kuwa mtunzi pekee wa nyimbo zao. Kwa miaka kadhaa aliwagawia wenzake sehemu ya mapato ya utunzi, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akaacha. Mwimbaji Tony Hadley, mpuliza saksafoni Steve Norman na mpiga drams John Keeble wakamshtaki. Walikuwa na hoja mbili: kwamba kulikuwa na makubaliano ya mdomo, na kwamba hata kama hayakuwapo, wao pia ni watunzi kwa mchango wao.

Walishindwa zote mbili. Jaji Park aliridhika kwamba Kemp alikuwa akija mazoezini na wimbo uliokwisha: mahadhi, mashairi, mpangilio. Anawapigia wenzake, nao wanaupa mwili. Saksafoni ya Norman kwenye wimbo wao True, ambayo kwa wengi ndiyo wimbo wenyewe, ilihesabiwa kuwa upigaji, haikuwa utunzi. Nafasi ya solo ilikwishatengwa, msingi wa muziki chini yake ulikuwa wa Kemp, na Norman akaijaza kwa ufundi wake. Ufundi mkubwa, lakini wa mpigaji.

Kwa hiyo kinanda kimeshinda na saksafoni imeshindwa. Tofauti ni nini? Nikijaribu kuisema kwa lugha ya mazoezini: Fisher alileta mahadhi ya pili, yanayosimama yenyewe, yanayorudi tena na tena mpaka huwezi kuutaja wimbo bila kuyahesabu. Norman alipamba mahadhi yaliyokuwapo. Mahakama inauliza kama mchango wako umeubadilisha wimbo kuwa kitu kingine, au umeupiga vizuri sana.

Nasema wazi kwamba mpaka huo unanisumbua. Umechorwa na watu waliolelewa kwenye muziki unaoandikwa kwa noti, ambako mtunzi yuko mezani na mpigaji yuko jukwaani. Muziki wa bendi hauzaliwi hivyo. Mpenzi wa dansi letu, nikuulize: ukiondoa gitaa la solo kwenye sebene, umebaki na nini? Mashairi mafupi na watu wamesimama. Ila sheria ikipima kwa mizani ya mahadhi na maneno, anayeimba anaingia na anayewainua watu vitini anabaki nje.

Mfano mwingine ni Every Breath You Take, wimbo wa bendi ya The Police wa mwaka 1983. Mtunzi aliyeandikwa ni mwimbaji wao, Sting, peke yake. Gitaa linaloufanya utambulike ndani ya sekunde mbili ni la Andy Summers. Mwaka 1997 rapa Puff Daddy alipojenga wimbo wake mzima juu ya gitaa hilo na kuuza dunia nzima, mrabaha wa utunzi wa ule wa zamani ulikwenda kwa yule yule aliyeandikwa. Mwaka 2025 Summers na mpiga drams Stewart Copeland walimfungulia Sting madai ya fedha katika Mahakama Kuu ya London. Wote watatu ni wazee sasa.

Ugomvi wa bendi ya The Smiths ni wa aina nyingine, na watu huuchanganya na hizi. Hapo hakuna aliyebishania utunzi: ulikuwa wa mwimbaji Morrissey na mpiga gitaa Johnny Marr, na mpiga drams Mike Joyce alikubali hivyo. Alichodai ni upande wa pili, faida za rekodi na maonyesho. Wawili wakubwa walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja, na kuwaachia Joyce na mpiga besi Andy Rourke kumi kumi. Mwaka 1996 mahakama ikauliza swali moja jepesi: mliafikiana lini kwamba iwe hivyo? Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba Joyce aliwahi kukubali. Basi ikatumika sheria ya ubia ya mwaka 1890, ya zama za Malkia Victoria, isiyojua gitaa la umeme ni nini: wabia wasipokuwa na makubaliano, hugawana sawa kwa sawa. Joyce akapata robo yake. Rufaa ya Morrissey ilishindwa mwaka 1998. Rourke hakuifaidi hukumu hiyo. Alikuwa na shida ya fedha, akapatana nje ya mahakama mapema kwa pauni 83,000 na asilimia kumi ile ile.

Kilichomfungia Brooker mlango na kilichomfungia Morrissey ni ukimya ule ule. Hakuna karatasi. Watu hudhani pasipokuwa na karatasi mambo hubaki jinsi yalivyozoeleka. Hapana. Pasipokuwa na karatasi sheria huleta ya kwake, na unaweza kuikuta ni ya mwaka 1890.

Yupo pia Clare Torry, ambaye hakuwa hata mwana bendi. Jumapili moja ya Januari 1973 aliitwa studio za Abbey Road na bendi ya Pink Floyd. Walikuwa na muziki wa piano wa Richard Wright unaohusu kifo, hauna maneno, na hawakujua waweke nini juu yake. Wakamwambia aimbe bila maneno. Akajaribu, akaanza kuitumia sauti yake kama chombo: analia, anapaza, anashuka hadi kunong'ona. Akalipwa pauni 30, kiwango cha kazi ya Jumapili, akaenda zake. The Great Gig in the Sky ikawa sehemu ya moja ya albamu zilizouzwa zaidi katika historia, na kila noti ya sauti ile ilikuwa imetoka kichwani mwake papo hapo. Alishtaki mwaka 2004. Mwaka uliofuata walipatana, kiasi hakikutangazwa, na tangu hapo utunzi unaandikwa Wright na Torry. Binafsi siwezi kuisikiliza tena bila kufikiria zile pauni 30.

Bendi zilizotafuta dawa zilifika karibu zote mahali pamoja. R.E.M. waliandika majina ya wana bendi wote kwenye nyimbo zao, kwa mpangilio wa alfabeti, haidhuru nani alikuja na nini. Queen walichelewa kufika huko. Mwaka 1975 walipotoa santuri ya Bohemian Rhapsody, wimbo wa Freddie Mercury, upande wa pili waliweka I'm in Love with My Car wa mpiga drams Roger Taylor. Santuri ina pande mbili, na mrabaha wa utunzi kwa kila nakala hugawanywa kwa pande zote mbili. Kila aliyeingia dukani kutafuta Bohemian Rhapsody alimlipa Taylor sawa na Mercury, hata kama upande wa pili hakuwahi kuugeuza. Wimbo ulikaa namba moja wiki tisa. Unaweza kukisia mazungumzo ya chumba cha kubadilishia nguo. Kuanzia albamu yao ya 1989 walikubaliana kila wimbo uandikwe umetungwa na Queen, na Brian May amesema zaidi ya mara moja kwamba huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote waliyofanya, kwa sababu nyimbo zikaanza kuchaguliwa kwa ubora wake.

Kugawana sawa hakufai kila bendi. Kama mmoja kweli huja na wimbo mzima kutoka nyumbani, kama Kemp, kumkata robo tatu ni dhuluma pia. Kinachoweza kufanyika popote ni ukurasa mmoja wa daftari siku ile ile ya kurekodi: jina la wimbo, tarehe, nani ana asilimia ngapi ya mashairi, nani ana ngapi ya muziki, nani ana ngapi ya rekodi, saini za wote. Hizo hesabu za utunzi na za rekodi zisiwekwe kapu moja, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mtu anasaini “tugawane sawa” akidhani amegusa zote mbili. Ukurasa huo ni rahisi wakati wimbo hauna thamani yoyote. Ukishapanda namba moja, hakuna mkono utakaoshika kalamu bila wakili pembeni.

Na muda wa kugombana ni mrefu kuliko maisha ya waliogombana. Uingereza hakimiliki ya utunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na kazi ikiwa na watunzi wenza, hesabu huanza anapofariki wa mwisho wao. Brooker alifariki Februari 2022, Reid mwaka mmoja baadaye. Ile asilimia 40 aliyopigania Fisher, mpaka majaji watano, ilimwingiza kwenye hesabu hiyo kama mtunzi mwenza wa muziki. Kwa hiyo kila mwaka anaoishi mwenye kinanda baada ya wenzake ni mwaka mmoja zaidi wa mrabaha wa kazi ile ya 1967, kwa warithi wa Brooker pia.